Historia ya Mama Stendi, Mtu wa Kwetu Sote

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wenzake marehemu wa stendi, na nyote mliofika kwa mabasi na kwa miguu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mke wa mwanawe wa mwisho, kuwasomea maisha ya mama yetu mpendwa, ambaye karibu wote mnamfahamu kwa jina la Mama Stendi, na naomba mniwie radhi sauti yangu ikiwa ndogo, kwa sababu mara ya mwisho kusoma mbele ya watu nilikuwa darasa la saba, na hata siku hiyo nilisoma mistari minne tu nikakaa. Walio nyuma wakishindwa kusikia wasipige kelele, wamuulize aliye mbele yao kwa upole, ujumbe utafika.

Kabla sijaanza, nalazimika kusema jambo ambalo kila mmoja amekwisha kuliona pale nje, kwamba yamesimama mabasi mawili yenye vitambaa vyeusi, moja limeelekezwa huku na jingine kule, la kwanza limekodiwa na watu wa Ziwani wakiongozwa na mzee wetu Fundi Viatu, la pili limekodiwa na watu wa Milimani wakiongozwa na mzee wetu Kinyozi, na kila upande unasema marehemu ni wao, na lazima arudishwe kwao akazikwe. Katika kikao cha juzi kwa mwenyekiti wa mtaa, Fundi Viatu alisema, "Huyu ni dada yangu kabisa, kwetu ni kumoja, nitamwachaje alale ugenini?" naye Kinyozi akamjibu, "Dada yako tangu lini, wewe? Huyu alinisalimia kwa lugha ya kwetu hata sijakanyaga chini," ndipo Fundi Cherehani, ambaye anatoka Mpakani, akainuka na kusema kwamba na wao wanamdai mtu wao, ila wamepata pikapu tu. Mwenyekiti aliona kikao kinaelekea pabaya, akaamua kwamba tungoje historia ya marehemu isomwe, na mahali itakapotaja kuwa ndipo alipozaliwa, basi la huko litaondoka naye, na jingine litageuza bila mtu kununa.

Kwa hiyo najua kwamba katika karatasi zote hizi mnangoja mstari mmoja tu, nami nauanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa pekee wa baba yake na mama yake, mahali ambapo nitapataja mwisho, kwa sababu nikipataja sasa, nusu yenu mtatoka mbio kuwahi viti vya dirishani, nusu nyingine mtaondoka mmekasirika, na daktari ambaye ameacha wagonjwa akaja hapa atakosa wa kumshukuru.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1959 katika shule ya msingi iliyo jirani na alipozaliwa, kwa hiyo nayo naomba ingoje, akasoma hadi darasa la nne, na inasemekana kwamba siku moja mwalimu aliuliza ni nani kati yao amewahi kuliona ziwa, akanyoosha mkono yeye peke yake, akaeleza maji yalivyo asubuhi, na upepo unavyogeuka mchana, na harufu ya nyavu zikianikwa, hadi mwalimu, ambaye kwao ni huko, akatoa leso akajifuta macho. Naomba ndugu zangu wa Ziwani msipige makofi kwanza, kwa kuwa wiki iliyofuata alieleza milima vilevile, na ukungu wake, na baridi yake ya kuuma masikio.

Alianza kazi mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akiuza chai na mkate pale stendi kwa birika aliloachiwa na mama yake, birika lile lile lenye mkono uliofungwa waya, na kazi hiyo aliifanya mpaka miguu ilipomkataa. Nasema aliuza chai kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye leseni yake, lakini sote tunajua kazi yake hasa ilikuwa kupokea watu. Basi likisimama, aliwaacha wasafiri wanaopita waende na safari zao, akamtafuta yule anayeshuka polepole, mwenye mzigo uliofungwa kwa kamba mpya, anayetazama huku na huku kama aliyepoteza kitu, akamwita, akamketisha kwenye benchi, akampa kikombe cha kwanza bure, na cha pili akamlipisha kama watu wengine, kwa maelezo kwamba kufikia cha pili mtu amekwisha kuwa mwenyeji.

Hapo kati ya kikombe cha kwanza na cha pili ndipo alipomuuliza ametoka wapi, na mtu akishataja tu, marehemu alipiga makofi na kusema, "Usiniambie! Hata mimi natoka huko huko!" kisha akamsalimia kwa lugha ya kwao, maana salamu alizijua za kila pembe, alijifunza kwa madereva na utingo, na salamu zikiisha alishusha sauti na kusema, "Lakini hapa tuongee Kiswahili, watu wasije wakatuona tunajitenga," na mgeni akaona hekima kubwa. Baada ya hapo aliulizia habari za nyumbani, na Fundi Cherehani ameniruhusu niwasomee alivyoulizwa yeye siku aliyoshuka mwaka 1979 akiwa na mapacha mgongoni na kifuani.

"Lile duka la kwenye kona bado lipo?"

"Lipo, mama."

"Na yule mzee mkali, anayefukuza watoto na fimbo?"

"Alishafariki, mama, mwaka juzi."

"Jamani! Na hakuna hata mmoja aliyenipa habari!" akasema marehemu, akalia machozi ya kweli, na Fundi Cherehani, ambaye alikuwa amekuja analia yeye, ikabidi aanze kumbembeleza.

Sasa nilipokuwa nikiandika nimeulizauliza, na nimegundua kwamba kila mtu aliulizwa duka la kwenye kona, na kila kwao lipo, na kila mtu aliulizwa mzee mkali, na kila kwao alikuwepo.

Ndiye pia aliyekuwa akiwaonyesha watu pa kukaa, na mji wetu ulivyokaa leo ni mkono wake. Shemeji yangu, mume wa wifi yangu, ambaye tunamwita Bwana Takwimu kwa sababu alitumwa hapa na ofisi yake kuja kuhesabu wahamiaji, amenisisitiza sana niwaeleze kitaalamu kwamba katika mji huu watu tisa kati ya kila kumi walizaliwa mahali pengine, wa Ziwani wakiwa ndio wengi, wakifuatwa na wa Milimani, kisha wa Mpakani, kisha wale wa nchi ya jirani, na kwamba wimbi la Ziwani lilipanda miaka ya sabini likatulia, wakati lile la Milimani lilipanda miaka ya themanini na mpaka leo halijatulia, na maneno hayo ni yake, wa Milimani wasinitazame mimi. Kwa nini watu walikuja, anasema walifuata kazi za kiwanda na barabara, na hilo liko wazi, lakini kwa nini kila kundi limekaa pale lilipokaa, anasema hilo mumuulize mama mkwe wake, na kwa kuwa hatunaye tena, nitaeleza mimi alivyonieleza.

Watu wa Ziwani wanakaa kando ya reli kwa sababu wa kwanza wao, ambaye ni Fundi Viatu, alishuka mwaka 1968 akiwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita mwenzake ng'ambo ya maji, na marehemu akaona kwamba jirani pekee atakayemvumilia ni treni, baadaye akaita kaka zake, kaka wakaita shemeji zao, na leo ni mtaa mzima ambao treni ikipita hakuna anayeacha kuongea. Watu wa Milimani wanakaa nyuma ya mashine ya kusaga kwa sababu wa kwanza wao, ambaye ni Kinyozi, alilalamikia joto tangu mlango wa basi, na chumba pekee chenye kivuli siku hiyo kilikuwa nyuma ya mashine, kwa hiyo joto la mtu mmoja ndilo linalofanya familia zote hizi zikunje nguo zenye unga hadi leo. Watu wa Mpakani wako karibu na tangi la maji kwa sababu ya nepi za mapacha wa Fundi Cherehani, ambao sasa ni wanaume wenye ndevu na wanaomba nisilirudie hilo. Wale wa nchi ya jirani, waliofika bila neno hata moja la Kiswahili, aliwatafutia vyumba vinavyopakana ukuta na darasa la pili, wajifunze kwa kusikiliza, na kweli walijifunza, ndiyo maana mpaka leo fundi saa wa pale ukimuuliza bei anakujibu kwa wimbo, na ukimwamkia anasimama.

Siku pekee ambayo kazi hii ilimshinda, au ilikaribia kumshinda, ni siku moja mwaka 1986, mvua ilipochelewesha mabasi na la Ziwani na la Milimani yakafika pamoja, abiria wa pande zote mbili wakaketi benchi moja, na mmoja akasema, "Mama, si ulisema wewe ni wa kwetu?" na mwingine akasema, "Wa kwenu vipi, huyu ni wetu." Utingo aliyekuwepo anasema marehemu alimimina chai taratibu sana, kikombe kikajaa hadi kikamwagika, kisha akasema, "Baba wa huku, mama wa kule, mnataka nimkatae nani?" na wote wakaona aibu. Kuanzia hapo, akipata mgeni wa sehemu mpya, aliongeza bibi wa huko, na Bwana Takwimu amejaribu kuwajumlisha, akakomea bibi wa tisa akafunga kalamu.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 9 Juni 1973 na marehemu baba yetu, aliyekuwa dereva wa basi kutoka upande wa Tambarare, na walikutana siku basi lake lilipopasuka tairi hapo stendi, akaja kunywa chai, akaulizwa anatoka wapi, akaambiwa, "Hata mimi natoka huko huko," lakini yeye, tofauti na sisi wengine, aliuliza, "Mtaa gani?" Marehemu akajibu, "Ule wa bondeni." Baba akanywa chai yake yote, akarudisha kikombe, akasema, "Kwetu ni sawasawa kama meza, mama, bonde ulilitoa wapi?" na inasemekana marehemu alicheka kwa aibu hadi akajifunika uso na upande wa kanga, na dereva yule akawa kila akipita hapa tairi linapasuka. Baba alijua alichojua, na hakumwambia mtu mpaka alipofariki tarehe 2 Februari 2004.

Wakati huo kaka zake walikuja kumchukua akazikwe kwao Tambarare, na wengi wenu mlikuwepo na mnakumbuka kwamba marehemu aliongozana na jeneza mpaka mlangoni mwa basi, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akautoa, akauweka tena, kisha akarudi nyuma na kusema, "Tangulieni," na basi likaondoka bila yeye. Wapo walioguna siku hiyo, wakasema mke gani huyu. Naomba mlikumbuke hilo basi na ngazi yake, nitalirudia.

Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza ni wifi yangu, aliyezaliwa mwaka 1974, ambaye Bwana Takwimu alifika mlangoni kumhesabu, akarudi kesho yake kuhakiki, akarudi keshokutwa kuhakiki alichohakiki, na ofisi yake mpaka leo inangoja ripoti. Wa pili ni shemeji yangu aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye ndiye pekee katika nyumba hii aliyehama, akaenda mbali kutafuta kazi, na siku aliyofika huko alipiga simu akiwa na furaha kubwa, akasema, "Mama, huwezi kuamini, hapa stendi nimepokewa na bibi mmoja muuza uji, na yeye anatoka huko huko kwetu! Ameniulizia hata duka la kwenye kona!" Marehemu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na simu mkononi, machozi yanamtoka, sisi tukadhani amepata habari mbaya, na alipoweza kusema alisema tu, "Mwambie namsalimia sana, na asiache kazi." Hatukuelewa. Wa tatu ni mume wangu, aliyezaliwa mwaka 1981, fundi wa baiskeli, na niseme hapa kwamba mume wangu amekua akijua mama yake ni wa Milimani, na dada yake amekua akijua ni wa Ziwani, ingawa walilala chumba kimoja na kula sahani moja, na juzi ndipo walipogombana kwa mara ya kwanza tangu waache kugombania mto. Marehemu ameacha pia wajukuu saba, wa saba ndiye huyu anayenivuta nguo.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na miguu kuvimba mwaka 2022, baadaye ikaonekana ni moyo, akawa analazwa na kuruhusiwa, na kila alipolazwa aliomba kitanda cha karibu na mlango. Wauguzi walidhani anataka hewa. Kumbe mgonjwa mpya akiingizwa, amelala kwenye kitanda cha magurudumu ameshika shuka kwa vidole viwili, alimsikia mtu akimwambia kutoka pembeni, "Umetokea chumba cha dharura? Hata mimi nilitokea huko huko. Yule nesi mkali bado yupo?" na mgonjwa alianza kucheka kabla hajachomwa sindano. Nesi mkali mwenyewe yuko hapa, na ameniambia nisome hivyo hivyo. Daktari naye, alipoulizwa ametoka wapi, aliambiwa alichoambiwa kila mtu, na kuanzia siku hiyo alimwita shangazi.

Ni katika siku hizo za mwisho, nikimwosha miguu, ndipo marehemu aliponiambia jambo ambalo ndilo nililoagizwa kulisoma, nikamuuliza kwa nini anamwambia mkwe na hawaambii wanawe, akasema, "Wale watalia kabla hawajamaliza kusikia. Wewe unaogopa watu, na mtu anayeogopa watu hawezi kuongeza chumvi." Alifariki Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, mchana, usingizini, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Sasa naomba mniruhusu nirudi kwenye kuzaliwa kwake, na naomba waliosimama wakae, na walio karibu na mabasi wasogee.

Marehemu hakuzaliwa Ziwani. Hakuzaliwa Milimani pia, wala Mpakani, wala Tambarare, na nyinyi wa nchi ya jirani niliwaona tangu asubuhi mmekaa mkao wa matumaini, poleni. Marehemu alizaliwa hapa. Namaanisha hapa hapa, pale ambapo leo kuna choo cha stendi, wakati ambapo stendi haikuwepo, wala mtaa, wala mji, palikuwa na njia panda tu, na kizuizi cha mti kilichovutwa kwa kamba, na nyumba chache za wafanyakazi wa barabara. Baba yake ndiye aliyekuwa akiivuta hiyo kamba, na mama yake ndiye aliyekuwa akiwachemshia chai madereva wakingoja. Barabara ilipokwisha, familia nyingine zote zilihamishwa pamoja na matingatinga, ikabaki ya kwao peke yake, kwa kuwa kizuizi kilihitaji mtu. Shule aliyosoma ni hii hii wanayosoma watoto wetu, ilipokuwa na darasa moja, na ziwa alilomweleza mwalimu aliambiwa na utingo, na milima aliambiwa na dereva wa gari la mbao.

Nilimuuliza ilikuwaje basi asijulikane, akaniambia kwamba hakuna aliyemkuta ambaye hakudhani na yeye ameshuka, labda kwa basi la jana yake tu. Nikamuuliza kwa nini hakusema, akanieleza habari ya mwaka 1968, kwamba alishuka kijana mmoja mwenye boksi la zana za viatu, akaangalia vumbi, akaangalia njia panda, akageuka apande tena basi lile lile arudi alikotoka, huku analia kama mtoto, na yeye, binti wa miaka kumi na saba, akiwa hajui la kumwambia, mdomo ukamtoka, "Usilie, kaka, hata mimi natoka huko huko." Kijana akakaa. "Nikaona kumbe," alisema marehemu, "mtu akishuka na mzigo, ukimwambia wewe ni mwenyeji, anakuogopa. Ukimwambia na wewe ni mgeni, anakunywa chai."

Fundi Viatu, mzee wangu, marehemu ameniagiza nikuambie wewe kabla ya wengine wote kwamba anakuomba radhi, si dada yako, na kwamba ziwa hajawahi kuliona hata kwa mbali, ila kwa jinsi ulivyomsimulia kwa miaka yote hii, anasema pengine amelichoka kuliko wewe. Kinyozi, mzee wangu, wewe ameniagiza nikuambie kwamba chumba kingine chenye kivuli kilikuwepo, lakini mwenye nyumba alikuwa na ulimi mkali, naye marehemu akakuhurumia. Bwana Takwimu, shemeji yangu, najua kwamba mpaka hapa umejishika kichwa, kwa sababu katika hesabu zako ulimwandika pamoja na wahamiaji, akakuachia uandike kwa kuwa ulikuwa umeandika vizuri.

Na lile la ngazi ya basi ni hili, kwamba mama yetu, aliyekaa stendi maisha yake yote, hakuwahi kupanda basi hata mara moja. Aliyaogopa. Aliniambia kwamba ameona yanavyowashusha watu, wamepauka, wamevimba miguu, wanalia, hakuona sababu ya kujitia humo, na kwamba siku ya kumsindikiza baba alitaka kwenda kwa moyo wake wote, mguu ukakataa. Usia wake ulikuwa mmoja, na aliurudia mara mbili akinishika mkono: "Msinipandishe basi, hata kama sitajua."

Kwa hiyo, kwa uamuzi ule ule wa mwenyekiti, ambao pande zote mliukubali kwa kuinua mikono, familia inawaomba madereva wote wawili mzime injini. Pale makaburini, mkono wa kulia wa lango, yapo yale mawe mawili ambayo wengi wetu huyakalia kufunga kamba za viatu kabla ya kuingia, ambayo marehemu alikuwa akiyafuta vumbi na sisi tukasema ni usafi tu wa mzee. Hayo ni makaburi ya baba yake na mama yake, ya kwanza kuchimbwa katika mji huu, na kaburi la tatu limechimbwa leo asubuhi kando yao. Tutambeba begani, tutapita njia ya stendi, na kwa kuwa mabasi yamekwisha kukodiwa na si vizuri yaondoke matupu, tunaomba yawapakie wazee na wenye watoto, watu wa Ziwani wapande lililokodiwa na Milimani, na wa Milimani lililokodiwa na Ziwani, yafuate nyuma kwa mwendo wa miguu, na pikapu ya Mpakani ibebe viti na birika.

Familia inatoa shukrani kwa daktari na wauguzi, hasa yule mkali, kwa majirani wa pande zote ambao tangu Jumatano wamegombana kwa sauti kubwa lakini wakapika kwenye jiko moja, kwa wenzake wa stendi, madereva, makondakta, utingo na wauza magazeti, kwa mwenyekiti wa mtaa kwa subira yake, na kwa kila mtu aliyelia kwa kuondokewa na mtu wa kwao, kwa maana hakuna aliyekosea. Jumatatu basi la kwanza litamkuta mtu pale benchini. Nitakuwa mimi, na sauti yangu ni hii mnayoisikia, kwa hiyo nawaomba mnifundishe salamu.

Mama, tunakuweka langoni kama ulivyozoea, ambapo hakuna atakayeingia bila kukukuta. Nasi tutakuja, mmoja mmoja, kila mtu na siku yake, tumechoka, hatujui pa kuelekea, na utakapotuuliza tunatoka wapi, tutakujibu kwamba hata sisi tunatoka huko huko unakotoka wewe, na safari hiyo hakutakuwa na uongo. Lala, Mama, uipumzishe miguu yako.